Mama alihitaji upepo wa ziwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: likija gonjwa jingine kama korona, viwanja na fukwe zifungwe? Nilishaandika "hapana" nikataka kutuma. Halafu nikamkumbuka mama, nikafuta.

Sisi Mwanza hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa Machi 2020 na mikusanyiko ikazuiwa, ila kutoka nje tulitoka. Wenzetu wa Kisumu saa moja jioni walitakiwa wawe ndani, na Uganda hata kukimbia barabarani kulipigwa marufuku.

Mama alikuwa amekuja kutoka Ukerewe kwa kliniki ya presha, akabaki kwangu Igogo, mlimani, chumba na sebule, watu sita. Anayeijua Igogo anajua: mchana mawe yanameza jua, usiku yanalitapika ndani. Mtu aliyezaliwa kisiwani alikuwa hapumui. Kila saa kumi na moja jioni nilimshika mkono, tukateremka pole pole hadi ziwani. Anakaa kwenye jiwe lake, anavua kandambili, anashusha barakoa ya kitenge, anatazama mitumbwi. Haongei. Tukirudi, ugali anaumaliza.

Siku moja tukakuta jiwe liko ndani ya seng'enge. Mlinzi, kijana mdogo, akasema, "Shikamoo bibi. Hapa hapakaliwi tena."

"Marahaba. Ni korona?"

"Hapana bibi, ni eneo la mtu."

Akaenda kumtafutia kiti cha plastiki, akakiweka nje, ukingoni mwa barabara. Mama akamshukuru, akakaa, akatazama ziwa kupitia waya. Mimi nilishindwa hata kusema asante.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyike shughuli za kudumu wala za kuharibu mazingira. Basi mnaniuliza kuhusu kufunga wakati wa ugonjwa, na mimi nauliza tulibakishiwa nini cha kufunga.

Lakini niseme na hili. Mwaka ule ziwa lilijaa. Mei lilipita hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee husimulia. Mchanga ukamezwa. Palipobaki wazi palikuwa pembamba, na wote tukajazana hapo: watoto wasio na shule, wauza karanga, sisi. Jioni moja jirani yetu mmoja akamkoholea mama karibu kabisa na uso, kisha wakashikana mikono wakiulizana habari za nyumbani. Usiku sikulala. Nilihesabu siku kumi na nne kwa vidole. (Hakuugua. Yupo, Mungu ni mwema.)

Kwa hiyo nilikuja kusema zisifungwe, na sasa nasema: pakibana namna ile, pafungwe, angalau jioni na Jumapili. Asubuhi waachieni wazee, hilo silegezi. Na kabla ya kutufungia hicho kidogo, ile seng'enge ya kwenye jiwe la mama iondolewe kwanza. Bado ipo, nilipita juzi.

Msomaji, Igogo, Mwanza