Binti yangu alinyamaza mwaka mzima

Swali lenu la wiki hii linauliza: shule ya serikali au ya binafsi, mwanao ulimpeleka ipi na kwa nini? Mimi nimejaribu zote mbili kwa mtoto huyo huyo mmoja, na tena nikiwa mgeni nchini, kwa hiyo naomba nafasi niseme.

Sisi ni Wakongo wa Bukavu, mkoa wa Kivu Kusini, mashariki ya Kongo. Mume wangu ni fundi umeme wa majengo. Alitangulia Dodoma baada ya serikali kuhamia huku, ujenzi umepamba moto, nami nikamfuata na watoto mwanzoni mwa 2022, mwaka ule ule nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulipanga nyumba eneo la Nkuhungu, nikaweka cherehani yangu barazani. Binti yetu alikuwa na miaka 7 na ameshasoma mwaka mmoja kwa Kifaransa. Mdogo wake alikuwa na miaka 3.

Majirani walituambia shule ya serikali haina ada. Badala ya kufurahi, niliogopa. Kwetu wazazi walizoea kulipa hata nyongeza ya mshahara wa mwalimu, na shule za msingi za serikali zilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika, watoto wakakaa chini. Kwa hiyo neno "bure" nililisikia kama onyo. Tukajibana, tukampeleka shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Ada shilingi 1,600,000 kwa mwaka kwa awamu nne, basi mbali, rimu za karatasi mbali. Siku nilipomwona na soksi zake nyeupe anapanda lile basi la njano, nililia kwa furaha.

Sasa nieleze kilichotokea, maana hapa ndipo penye jibu langu.

Mtoto alikuja na herufi zake. Herufi "i" Bukavu aliisoma "i". Shuleni akaambiwa ni "ai". Akaandika "ai" kwenye daftari, akawekewa kosa. Herufi "e" ikawa "ii". Jioni tukikaa mkekani na taa, ananionyesha "i" kwa kidole na kuniuliza, "Mama, hii ni nani?" Ni nani, kama vile herufi ni mtu aliyebadilisha jina. Sikuwa na jibu, kwa sababu Kiingereza mimi mwenyewe sikijui.

Kiswahili nacho kilikatazwa. Anayekamatwa akiongea Kiswahili ndani ya geti alivikwa kibao shingoni mpaka apatikane mwingine wa kukibeba. Najua shule nyingine hazifanyi hivyo, nasema ya kwetu tu. Mtoto asiyejua Kiingereza hata kidogo, ukimkataza Kiswahili, umemwachia nini? Alinyamaza. Walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba ni mpole. Hakuwa mpole! Bukavu alikuwa anaimba mpaka bibi yake anaziba masikio.

Tena basi lilimchukua saa kumi na mbili kasoro asubuhi na kumrudisha saa kumi na moja jioni. Wasichana wa mtaani wanacheza rede mbele ya nyumba yetu, yeye amesimama mlangoni anawaangalia. Mwaka ukaisha, Kiingereza hajakipata, Kifaransa kinapotea, na Kiswahili cha hapa hajakijua. Maana Kiswahili chetu cha Kivu ni kingine. Sisi tunakwenda "ku masomo", daftari ni "kaye", na mkubwa tunamwamkia "jambo".

Januari 2023 tukamhamisha kwenda shule ya serikali, dakika kumi kwa miguu. Mwalimu mkuu alitaka cheti cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa mtaa na karatasi zetu za Uhamiaji. Akampa kitabu asome. Akasema, "Mama, tumuanzishe la kwanza, asione aibu, atawakuta wenzake." Darasani walikuwa 91, dawati moja watoto wanne. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tumemtupa mtoto.

Siku ya pili alimwamkia mwalimu, "Jambo, mwalimu," darasa zima likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akamsimamisha mbele, akawaambia kwao Kongo ndivyo wanavyoamkia kwa heshima, akawafundisha wote waseme "jambo" kama Wakongo. Halafu akamfundisha yeye "shikamoo". Alipofika nyumbani alitupa begi, akanipigia shikamoo mpaka nikachoka kuitikia marahaba. Ndiyo sauti yake ya Bukavu hiyo, imerudi.

Kufika Juni alikuwa anasoma. Herufi "i" ilikuwa "i" tena, kama alivyoiacha nyumbani. Bibi jirani yetu, Mgogo, akamfundisha kuamkia kwa Kigogo, mbukwenyi. Rede anacheza, na ndiye anayegombana kuliko wote. Mimi pia nilipata wateja kupitia kwake, mama wa wenzake wanaleta vitenge, lakini hilo ni la pembeni.

Wengine huiita shule ya serikali kama hiyo kayumba, kwa kuibeza. Neno hilo mimi silitumii.

Sitaficha upungufu. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari 91 kwa haki, kwa hiyo kila jioni napitia mwenyewe, na hesabu iliyopewa alama ya vema isiyostahili nairudisha tuifanye upya. Mzazi asiye na saa hiyo moja ya jioni, nitamwelewa akichagua vingine. Uji na chakula cha mchana tulikubaliana kwenye mkutano wa wazazi, tunachangia mahindi, maharage na fedha kidogo.

Hofu yangu kubwa ni kidato cha kwanza. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu sekondari fizikia, jiografia, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza kwa mkupuo, isipokuwa masomo machache kama Kiswahili chenyewe. Watoto wengi hodari wanaangukia hapo, na nadhani nchi nzima inalijua hilo. Kwa hiyo ile fedha ya ada hatukuila yote. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anakuja kila Jumamosi kumfundisha Kiingereza, na safari hii mtoto anakipokea, kwa sababu ana lugha ya kukiulizia. "Mwalimu, kwa nini hii isisomwe i?" Swali lile lile, ila sasa anaye wa kumuuliza.

Jirani yangu Mkenya amewaweka wanawe shule ya Kiingereza, na namuunga mkono. Mkataba wake ni wa miaka miwili, anarudi kwao, na watoto walikuja nacho tayari. Mtoto aliyekuja mkubwa naye ni habari nyingine. Nafasi za kidato cha kwanza za serikali zinapangwa kwa matokeo ya darasa la saba, na aliyekuja na miaka 13 hana mtihani huo. Familia moja ya Warundi tunayosali nayo ilimpeleka kijana wao sekondari ya binafsi, na sioni wangefanya nini zaidi.

Lakini ninyi mliokuja na watoto wadogo, mkiwa mnakusudia kukaa, mpelekeni mtoto kwanza wanakosoma wale anaocheza nao. Sisi ilitugharimu mwaka wake mmoja kulijua hilo.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Januari mdogo wake anaanza la kwanza shule hiyo hiyo. Madaftari yake nimeshanunua, na dada mtu ameyafunika yote kwa magazeti. Yeye bado anayaita kaye, na dada yake kila mara anamsahihisha.