Bando la Bila Kikomo Likiondolewa, Pima Kwanza Kabla ya Kuhama

Msomaji mmoja wa Bamburi, Mombasa, ameniandikia wiki hii, na kwa kuwa si wa kwanza kuuliza jambo hili, namjibu mbele ya wote. Kampuni iliyomuunganishia waifai ya nyumbani imemletea meseji: kifurushi chake cha bila kikomo kinaondolewa mwisho wa mwezi. Mahali pake panakuja kifurushi chenye idadi ya GB, na akiimaliza, spidi itashushwa hadi Mbps 1. Amekasirika, na ana haki ya kukasirika. Anataka nimwambie ahamie kampuni gani.

Sitamtajia kampuni. Namwambia asihame bado.

Kila masharti yanapobadilika, watu hukimbilia duka la pili siku hiyohiyo, wakalipia ruta nyingine na gharama ya kuunganishwa, na hakuna mtu nyumbani anayejua wanatumia GB ngapi kwa mwezi. Miezi michache baadaye, kule walikohamia nako kunatoka meseji kama ileile. Nilipoandika zamani kwamba neno "bila kikomo" lisomwe pamoja na masharti yake, wapo walionijibu kwamba natetea makampuni. Sikuwa nayatetea, na leo pia siyatetei. Nataka mteja aende dukani akiwa na hesabu mkononi.

Tuanze na sababu, maana asiyejua sababu hununua kitu kibaya mara mbili. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapahapa kwetu: TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine zikafuata. Ndiyo maana wengi hushangaa data ikibanwa Mombasa, mji ambao intaneti ya nchi inaingilia mlangoni mwake. Lakini uhaba hauko baharini. Uko kati ya mnara wa simu unaorusha intaneti na ruta yako. Masafa ya redio ya mnara ni yaleyale, wateja wawe kumi au mia tano, na walio upande mmoja wa mnara wanagawana. Aliyekaa Kisauni au Likoni akasubiri maji kwenye bomba la mtaa anaelewa bila kufundishwa: presha ni moja, mitungi ni mingi, na mwenye tangi la lita elfu akifungulia mpira wake, wa nyuma anapata matone. Faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa nyuzi za kioo, nayo hugawanywa, lakini bomba lake ni pana zaidi.

Kwa hiyo kampuni inapouza waifai ya mnara bila kikomo, inabahatisha kwamba wengi watatumia kidogo. Laini ya Mbps 10 ikifanya kazi mfululizo inabeba GB 4.5 kwa saa. Wakitokea watu wachache wanaoiacha wazi mchana na usiku, hesabu ya kampuni inavunjika, na meseji inatumwa kwa wote.

Hili halikuanzia kwetu. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T iliacha kuwauzia wateja wapya data isiyo na kikomo Juni 2010, ikaweka MB 200 kwa dola 15 na GB 2 kwa dola 25. Verizon ikafuata Julai 2011. Hapa Kenya, Safaricom iliondoa bando zake za intaneti bila kikomo mwaka 2012. Kinachofaa kutazamwa ni yaliyowapata Wamarekani walioruhusiwa kubaki na kifurushi cha zamani, kwa sababu waliondolewa kidogo kidogo. Kwanza spidi ilibanwa: kufikia Machi 2012, mteja wa AT&T mwenye kifurushi cha zamani alibanwa akifika GB 3 kwenye 3G au GB 5 kwenye LTE, yaani 4G. Kisha bei ikapanda: Verizon iliongeza dola 20 kwa mwezi Novemba 2015. Mwisho wakaja kwa barua: mwaka 2016 Verizon iliwaambia waliopita GB 100 kwa mwezi wahamie kifurushi chenye kipimo au wakatiwe. Ushindani ndio uliorudisha vifurushi vya bila kikomo, T-Mobile na Sprint wakiwa mbele Agosti 2016 na Verizon ikifuata Februari 2017, navyo vilirudi na masharti ya kupunguziwa spidi.

Kama meseji yako inasema wateja wa zamani watabaki na kifurushi chao, basi usiguse kitu. Lipa kabla ya tarehe, maana laini ikilala siku kadhaa mfumo unaweza kukuhesabu mteja mpya. Usikubali "kuboreshewa" ruta, usibadilishe jina la mwenye laini, usihamishe anwani, mpaka umepata jibu la maandishi kwamba kifurushi hakitapotea. Wateja wa Verizon walilijua hili vizuri mwaka 2012: aliyechukua simu mpya kwa bei iliyopunguzwa alipoteza data isiyo na kikomo. Waliotaka kuitunza walinunua simu kwa bei kamili.

Sasa kupima, na hapa naomba tusiharakishe.

Kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Tafuta takwimu za matumizi, zifute zianze sifuri, na uandike tarehe. Baada ya siku 7 zidisha kwa 4.3, utapata mwezi wako. Fanya hivyo katika wiki ya kawaida. Wiki ya Idi, nyumba ikiwa imejaa wageni, itakudanganya.

Kisha pima spidi kwa siku 3, mara tatu kila siku: saa 10 alfajiri, saa 7 mchana, saa 3 usiku. Unganisha kompyuta kwa waya. Kama huna waya, simama mita 2 kutoka kwenye ruta. Zima VPN na vifaa vingine vyote, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwani wanapima huku TV ya chumba cha pili inacheza. Tumia Speedtest na fast.com zote mbili, kwa sababu fast.com hupima kupitia seva za Netflix na itakuonyesha kama video inabanwa peke yake. Kila mara piga picha ya skrini inayoonyesha saa.

Majibu yatakuangukia katika moja ya sura tatu. Ukiona Mbps 1 alfajiri, Mbps 1 mchana, Mbps 1 usiku, mstari umenyooka kama rula, umebanwa na kampuni. Ukiona 9 alfajiri, 5 mchana na 1.5 usiku, huo ni msongamano wa mnara. Kununua kifurushi cha Mbps 20 kwenye mnara uleule ni kumwaga pesa, kwa sababu foleni haikujui wewe umelipa ngapi. Ukiona namba zinapanda na kushuka ovyo saa zote, shaka iende kwenye mtandao unaoshikwa na ruta.

Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kutibu, na ndiyo inayohamisha watu bure. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani usafi wake dhidi ya kelele. RSRP huandikwa kwa hasi: -80 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, chini ya -110 ni mbaya. SINR ikiwa 13 kwenda juu ni njema; ikikaribia sifuri, mawimbi yamejaa kelele. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na ruta iliyowekwa ukumbini chini ya ngazi haina la kufanya. Ipandishe ghorofa ya juu, dirishani, mbali na mabati na friji. Jaribu madirisha ya pande zote, ngoja dakika 2 kila mahali, andika namba mbili hizo, chagua bora. Usiangalie vijiti vya mtandao tu, maana vinaweza kujaa huku SINR iko chini kabisa.

Ukishajua GB zako, tafuta zinakovuja. TV ndiyo ya kwanza. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, ubora wa kati hula GB 0.7 kwa saa, ubora wa juu hufika GB 3, na 4K hufika GB 7. Familia inayotazama saa 3 kwa siku kwa ubora wa juu inaweza kumaliza GB 270 kwa mwezi. Ikishuka ubora wa kati inatumia 63. Kwenye TV ya inchi 32 tofauti haimsumbui mtu. YouTube kwenye TV usiiachie ijichagulie, iwekee 480p au 720p kwa mkono.

Ya pili ni kamera za usalama, na hii huwashtua wenye maduka na wenye nyumba za wageni huko Nyali. Kamera moja inayorusha picha mtandaoni kwa Mbps 1 bila kusimama hupeleka GB 10.8 kwa siku, yaani GB 324 kwa mwezi. Mbili zinapita 600. Ziweke zirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu na zitume mtandaoni pale tu panapokuwa na mwendo.

Simu nazo: simu ikiunganishwa na waifai hudhani data ni ya bure. Hapo ndipo picha zinapopandishwa Google Photos na programu zinapojisasisha. Kwenye Android, bonyeza jina la waifai na uitie alama kwamba ni mtandao wa kupimwa. Windows ina kitu hichohicho. Na humo humo zima kile kipengele cha kusambaza masasisho kwa kompyuta nyingine, kwani kinaweza kutumia data yako kuwapelekea masasisho watu usiowajua. WhatsApp, zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Ukitumia data ya simu ya Safaricom, ingia *544# na uzuie data isiendelee kula kredo bando likiisha.

Badilisha neno la siri la waifai, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila neno la siri), uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta 14 na nyumbani mko watano, jibu unalo. Na wanaouza waifai mtaani kwa saa kutoka laini ya nyumbani wasishangae wakiwa wa kwanza kubanwa. Mikataba ya nyumbani kwa kawaida inakataza, na kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Baada ya haya, wengine hugundua kwamba hawakuhitaji bila kikomo tangu mwanzo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: watu wawili wa WhatsApp, habari na video chache hawamalizi GB 60, na bando lisiloisha muda, kama lile ambalo Safaricom ilileta Oktoba 2019, linaweza kuwatosha. Anayepita GB 300 na ameziba mivujo yote, kama faiba imefika mtaani kwake, aende faiba. Kabla ya kulipa aulize mambo mawili na ajibiwe kwa maandishi: nikifika GB ngapi nabanwa, na nabanwa hadi Mbps ngapi? Muuzaji akijibu "haibanwi, boss" na hataki kuandika, ondoka. Swali la pili lina uzito zaidi. Mbps 1 bado inakupa MB 450 kwa saa, video ya kawaida itacheza. Kbps 128 ni kama MB 58 tu kwa saa, hapo umebakiwa na meseji.

Na kulalamika? Lalamika, lakini si kwa kumfokea binti wa huduma kwa wateja ambaye hakutunga masharti. Mteja mmoja wa Simi Valley, California, aliipeleka AT&T mahakama ya madai madogo, na Februari 2012 akapewa dola 850. Kilichombeba ni kwamba aliuziwa neno na akapewa kitu kingine. Hata hivyo kampuni ilimrudi kwa kosa lake mwenyewe, kwamba alikuwa akigawa intaneti ya simu kinyume cha mkataba. Safisha kwako kwanza. Serikali ya Marekani nayo iliishtaki AT&T Oktoba 2014 kwa kuwabania spidi wateja wa bila kikomo, na kesi ikaisha Novemba 2019 kwa malipo ya dola milioni 60.

Hapa kwetu, andikia kampuni kwanza, kwa barua pepe, ukitaja tarehe ya meseji, tangazo ulilonunulia, na zile picha za vipimo. Dai namba ya malalamiko. Wasipokuridhisha, peleka faili hilohilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Bila namba ya malalamiko watakurudisha ulikotoka. Ukiwa umepata hasara ya pesa, kwa mfano ulilipia mwaka mzima, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi 1,000,000, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili.

Ndugu yangu wa Bamburi, mwezi haujaisha. Futa takwimu za ruta leo jioni, na saa 3 usiku upige kipimo cha kwanza. Ukimaliza siku 7 niletee namba zako pamoja na RSRP na SINR za kila dirisha, na hapo ndipo tutazungumza habari ya kampuni.