Jibu: Ujumbe wa makosa ya fomu kwa Kiswahili kwenye Laravel 11

Ndugu, fomu yako ya kuandikisha wakulima wa zabibu Dodoma inaleta makosa kwa Kiingereza kwa sababu Laravel, mfumo wa PHP wa kujengea tovuti, haiji na Kiswahili. Endesha `php artisan lang:publish`, nakili `lang/en/validation.php` uiweke `lang/sw`, kisha kwenye faili la mipangilio, `.env`, andika `APP_LOCALE=sw`. Ikigoma, endesha `php artisan config:clear`.

Unapotafsiri, usiguse `:attribute`; hapo Laravel huweka jina la sehemu ya fomu yenye kosa. Majina ya sehemu hizo yanakaa chini kabisa ya `lang/sw/validation.php`: `'attributes' => ['phone' => 'namba ya simu']`.

Wengi hukwama kwenye ngeli. Ukiandika ":attribute inahitajika", mkulima atasoma "jina inahitajika" badala ya "jina linahitajika", na hafai kuandikiwa hivyo. Tumia "Tafadhali jaza :attribute." Kwa urefu: "Kwenye :attribute, herufi zisizidi :max." Sentensi hizo zinakubali ngeli yoyote.