Ukibadili rimu na matairi, mshale wa spidi unasoma nini?

Tangu nibadili matairi ya Toyota IST yangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nikiweka rimu za 16, spidi haitadanganya?" Huwa najibu kwa kifupi kwamba rimu haina neno, angalia kimo cha tairi zima. Mtu ananitazama kama nimemkwepa. Basi nimeona niandike, ili nikiulizwa tena niwe natuma hii.

Gari halijui linakwenda kasi gani. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko. Magari ya zamani yana waya unaozunguka kutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Ya siku hizi yana sensa, ama kwenye giaboksi ama kwenye magurudumu, zile zile za breki za ABS. Kiwandani walishaweka hesabu kwamba mzunguko mmoja ni urefu fulani wa barabara, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu wewe umepita kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ukapenda rimu. Ukifunga tairi lenye kimo zaidi, kila mzunguko unakula barabara ndefu zaidi, lakini dashibodi inaendelea kuhesabu kama zamani. Unakwenda mbio kuliko mshale unavyoonyesha. Ukifunga lenye kimo pungufu, mshale ndio unatangulia na wewe unabaki nyuma yake.

Kimo utakipata kwa kusoma ubavuni. IST nyingi zina 185/65R15. Hiyo 185 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 120 na robo. 15 ni rimu kwa inchi, na inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ina milimita 381. Jumlisha na ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, 240.5, unapata 621.5. Hicho ndicho kimo cha tairi zima. Zidisha kwa 3.14 na utaona mzunguko mmoja ni kama mita 1.95, ambayo ni mizunguko 512 hivi kwa kilomita.

Sasa chukua hizo rimu za 16 zinazowatia watu wasiwasi. Ukizivika 195/55R16, kimo kinatoka 620.9. Haijafika hata milimita moja ya tofauti, mshale hautajua kama umebadili kitu. Lakini muuzaji akiwa hana hizo akakupa 195/60R16, atakwambia "ni zile zile tu, bosi", na kwa macho kweli ni zile zile. Kimo chake ni 640.4, umepanda asilimia 3. Halafu kuna wale wanaobaki na rimu zao za 15, hawana habari na urembo, wanataka tu gari linyanyuke kidogo kwa ajili ya mashimo ya mtaani, wanafunga 205/70R15. Piga hesabu: 668. Asilimia 7 na nusu! Mwenye rimu mpya zinazong'aa mshale wake uko salama, na huyu aliyebaki na rimu za kiwandani ndiye spidi yake imehama.

Toyota wenyewe wanafanya hivyo hivyo. Kuna Hilux za 265/70R16 na kuna za 265/65R17. Ya kwanza ina kimo cha 777.4, ya pili 776.3. Wameongeza rimu inchi moja na kupunguza ubavu, kimo kimebaki pale pale. Fuata mfano huo na hutapotea sana.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua gari: hata likiwa na matairi yake halisi, mshale unatia chumvi, na unatia kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo Japani na nchi za Ulaya zinaifuata, inakataza kabisa mshale kuonyesha chini ya spidi halisi. Kuonyesha zaidi inaruhusu, mpaka asilimia 10 ya spidi halisi na kilomita 4 juu yake. Yaani ukiwa kwenye 80 ya kweli, mshale ukisoma hata 92 bado gari halina kosa. Viwanda vinajiwekea nafasi hiyo ili tairi likiwa jipya au limejaa upepo, mshale usije ukaangukia upande uliokatazwa.

Kwangu, kwa 185/65R15, mshale ukisimama kwenye 100, simu inayopima spidi kwa GPS ilikuwa inasoma 95. Nilipofunga 195/65R15, ambazo kimo chake ni 634.5, asilimia 2 juu, mshale kwenye 100 simu ikasoma 97. Kwa hiyo mshale wangu sasa ni mkweli kuliko ulivyotoka Japani, na sina malalamiko. Ila kilomita zimeharibika, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mshale unatiwa chumvi, lakini kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi kwa kawaida hakitiwi, au kinatiwa kidogo sana. Ukiongeza kimo cha tairi, mshale unasogea kuelekea kwenye ukweli huku kilomita zikiuacha.

Jamaa yangu mmoja ana Prado iliyokuja na 265/65R17. Akaweka 285/70R17, na kusema haki lile gari limependeza. Hapo amepanda asilimia 7. Akaanza kulalamika kwamba gari limekuwa linakunywa mafuta, fundi mmoja akamwambia nozeli, mwingine akamwambia pampu. Tukakaa na kalamu. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Dashibodi yake sasa itaandika 420. Tuseme ametumia lita 50. Ukigawa kwa za dashibodi unapata 8.4 kwa lita, ukigawa kwa barabara yenyewe ni 9. Nusu kilomita na ushee imepotea kwenye hesabu, haijapita kwenye nozeli. Sikatai kwamba matairi makubwa na mazito yanaongeza ulaji, yanaongeza, na ukipanda mlima Kitonga utasikia gari limekuwa zito kana kwamba gia zimerefuka. Lakini usibadilishe nozeli kabla hujazidisha kilomita za dashibodi kwa 1.07. Na sevisi pia: oili ya kilomita 5,000 za dashibodi, kwake imeshatembea 5,350.

Kuhusu tochi, ile mashine ya trafiki ya kupima spidi, nitasema bila kuzunguka. Ile asilimia 5 hivi ya chumvi ya kiwandani ndiyo inayowaokoa wengi kwenye vibao vya 50, kwa sababu mshale ukiwa kwenye 50 gari liko kwenye 47 au 48. Mwenye Prado ameshaila nafasi yote hiyo. Mshale wake kwenye 50, simu inasoma 51. Trafiki anapiga gari, hapigi dashibodi, na maelezo kwamba umebadili matairi hayamhusu.

Mpaka wangu mimi ni asilimia 3 kwenda juu au chini, na nikipata chini ya 2 nafurahi zaidi. Kumbuka pia kwamba tairi linalika. Jipya lina meno ya milimita 8 hivi, likifika 1.6 ni la kutupa. Kwenye tairi la IST hiyo peke yake ni asilimia 2 ya kimo. Kwa hiyo usipime mshale kwa matairi yaliyokwisha halafu ukashangaa majibu ukifunga mapya.

Kupima hakuna gharama. Programu yoyote ya simu inayosoma spidi kwa GPS inatosha. Tafuta kipande kilichonyooka na tambarare, shika spidi moja bila kukanyaga wala kuachia, simu ashike abiria na yeye ndiye asome. Wewe macho yako barabarani.

Saizi halisi ya gari lako imeandikwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Upepo humo umeandikwa kwa kPa. 220 ni kama 32 za kwenye mashine ya upepo. Usiamini saizi uliyoikuta ubavuni mwa tairi la gari la mtumba, maana huenda mmiliki wa kabla yako alishabadili na wewe unabadili juu ya mabadiliko.

Wenye RAV4 za zamani zinazovuta magurudumu yote manne muda wote, kwenu suala linazidi mshale. Kama mbele na nyuma vimo vinatofautiana, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika, na kuitengeneza ni ghali kuliko seti nzima ya matairi. Nunueni manne kwa pamoja. Na spea nayo ikaguliwe: wengi wanafunga manne makubwa na kuacha ile ya zamani nyuma, halafu pancha inawakuta Chalinze usiku. Ikibidi kuifunga, endesha taratibu na kwa umbali mfupi, mpaka kwa fundi wa pancha wa kwanza utakayemkuta yuko macho.