Kumbe mchawi wa netiweki nilikuwa mimi

Jana usiku msomaji mmoja kaniandikia inbox, "kaka, nataka VM zangu ziongee zenyewe kwa zenyewe zisitoke nje, nichague nini kwenye VirtualBox?" (VM ni kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, VirtualBox ndo programu ya kuziendesha.) Nilicheka peke yangu, maana swali hilo ningeuliza mimi enzi zile nisingeitwa Mkata Mtandao mpaka naacha kazi.

Nilikuwa najifunza seva, nikapandisha VM ya Linux nikaiwekea DHCP, huduma ya kugawa IP (anwani za mtandao), igawie VM zingine mbili, basi. Ila kwenye setingi nikaacha Bridged, na Bridged inaichomeka VM kwenye mtandao halisi kama kompyuta nyingine yoyote, kwa hiyo kaseva kangu kakaanza kugawia ofisi nzima IP zenye gateway (mlango wa kutokea nje) isiyoenda popote. Mara mhasibu analalamika intaneti imekata, mara printa haionekani, na mimi nimo humohumo najifanya fundi, nikazima router nikawasha, sasa ndo nikaharibu kabisa, kila mashine ikaomba IP upya na VM yangu ikawahi kujibu. Jamaa wa IT akaandika ipconfig /all, akasoma anwani ya DHCP Server, akageuka akanitazama. Hakusema kitu. Bora angenitukana.

Sasa wewe usiwe kama mimi. Chagua Internal Network, na jina la netiweki lifanane kwenye VM zote (lenyewe huwa linakuja intnet), ukikosea herufi moja tu umetengeneza netiweki mbili na utalia usiku kucha VM hazionani. IP weka kwa mkono. Hapo hata laptop yako haizioni, ukitaka uingie kwa SSH (kuiandikia VM amri ukiwa kwenye laptop) basi tumia Host-only, laptop kwa kawaida inakuwa 192.168.56.1. Wa KVM (VM za kwenye Linux), kwenye XML, yaani faili la setingi za netiweki, usiweke kipengele cha forward, ila mjue host (kompyuta yenyewe) bado inazifikia VM.

Na mwache kukimbilia kucopy setingi za video bila kusoma, vijana wa siku hizi mnataka lab ya seva kumi wakati NAT (VM inatoka nje ikijificha nyuma ya laptop) na Bridged hamzitofautishi! Ping (kuipigia VM hodi uone kama inajibu) kushindwa kutoka nje sio ushahidi kwamba VM zimefungwa, yangu nayo ingeshindwa, subnet (kundi la anwani) ilikuwa tofauti na DHCP bado ilikuwa inavuja. Mimi hadi leo kabla sijawasha DHCP nafungua setingi, naenda pale pa Attached to, nasoma kwa sauti. Mke wangu anajua nikianza kusoma peke yangu asinisemeshe.