Swali la Lugha: Huyu Si Mkunga

Msomaji wetu anayeishi Minneapolis, Marekani, na kufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, ameombwa kutafsiri kipeperushi cha mafunzo ya doula wanaokaa na wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakiwaliwaza wao na jamaa zao. Anauliza kama ni sahihi kuwaita "wakunga wa kifo", na kama masomo wanayoongeza baada ya kupata cheti yaitwe "elimu endelevu".

Hilo la pili nitalifikia. La kwanza haliwezi kusubiri, kwa sababu tabia ya kuling'oa jina la Kiingereza na kulipandikiza neno kwa neno huniudhi siku zote, na hapa imefika pabaya. Doula ni neno la Kigiriki lenye maana ya mtumishi wa kike, na lilianza kuenea katika miaka ya 1970 kupitia mwanaanthropolojia Dana Raphael, aliyelitumia kwa mwanamke anayemsaidia mama wakati wa uzazi. Hata huko leba, basi, doula hakuwa mkunga. Mkunga ndiye anayempima mzazi, anayempokea mtoto na kukata kitovu. Doula humshika mama mkono, humkanda mgongo na kumpa moyo.

Sasa itazame sentensi ambayo msomaji wetu ameinakili kutoka katika rasimu yake: "Mkunga wa kifo atakaa na mama yako usiku kucha." Msomee mtu mzima wa Tanga au wa Bukavu sentensi hiyo, mama yake akiwa amelala chumba cha pili, kisha umwombe afungue mlango. Hatafungua, na ana haki. Mkunga kazi yake ni kukileta kitu duniani, kwa hiyo kinachotajwa baada ya "wa" ndicho atakachokileta. Nitaambiwa kwamba husemwa "daktari wa kansa" na hakuna anayedhani kuwa daktari huyo anaileta kansa. Ni kweli, lakini daktari tunamjua kuwa hupambana na ugonjwa, ilhali mkunga hapambani na mtoto, humsaidia atoke. Anayesikia "mkunga wa kifo" anasikia habari za mtu anayekiharakisha kifo, na hilo ni kumsingizia mwanamke ambaye amefundishwa kusikiliza, kukesha na mgonjwa, kumsaidia aseme anachotaka kifanyike na asichokitaka, na kuwapokea zamu ndugu waliochoka. Kudunga sindano na kutoa dawa si kazi yake.

Kuna na suala la cheo. Nchini Tanzania mkunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni hagusi mzazi. Marekani doula huyu hahitaji leseni ya serikali: Chuo Kikuu cha Vermont hutoa cheti chake kwa kozi ya wiki 8 kwa njia ya mtandao, na INELDA, jumuiya ya kimataifa ya doula wa aina hii iliyoanzishwa 2015, ina utaratibu wake. Ni mafunzo ya maana, lakini hayamfanyi mtu kuwa mkunga, na familia iliyo katika uchungu isidanganywe kwa jina.

Kiswahili kina kitenzi kusindikiza, na mgeni anayeondoka hatumwachi atoke peke yake. Andika "msindikizaji wa mgonjwa", ukitaja mgonjwa waziwazi ili wasomaji wasidhani ni wa kusindikiza jeneza. Ukipenda kubaki na doula, baki nalo, mradi ulieleze mara ya kwanza unapolitumia.

Ama "elimu endelevu", imeshaingia katika nyaraka nyingi mno na sina nguvu za kuifukuza, ingawa kwa wengi neno endelevu sasa linakumbusha misitu na maji kuliko masomo. Anayerudi darasani huku akifanya kazi, watu husema anajiendeleza. Katika kipeperushi chako weka "mafunzo ya kujiendeleza", na hakuna atakayehitaji kuuliza maana yake.