Jani halikwambii aina ya kirusi

Mama mmoja wa Kabare aliniletea matawi ya tomati ndani ya mfuko wa plastiki. Majani yalikuwa na mabaka, kijani kibichi kwa kijani hafifu, mengine yamesinyaa hadi kufanana na nyuzi. Nikamjibu papo hapo: "Mama, hiki ni kirusi cha mozaiki, aina 1. Zile mbegu zako zenye jeni ya kinga iitwayo Tm-1 hazitakufaa." Nilibahatisha tu, nionekane mjuzi.

Wewe unayeanza kazi hii ya kupima mimea hapa Bukavu, usinifuate. Kirusi cha mozaiki ya nyanya kina aina 0, 1, 2 na 1.2, na zote zaweza kuleta batobato lile lile shambani. Zinatofautiana kwa jeni za kinga za nyanya ambazo kila aina huweza kuzishinda. Aina 0 haishindi hata moja, 1 inaishinda Tm-1, 2 inaishinda Tm-2, na 1.2 inazishinda zote mbili.

Anza na tumbaku iitwayo Nicotiana glutinosa. Ponda jani gonjwa kwa maji kidogo, nyunyizia jani lenye afya la tumbaku unga wa kukwaruza, pakaza maji hayo kwa kidole taratibu, kisha lisuuze. Siku chache baadaye vikitokea vidonda vidogo vilivyokauka, huenda ni kirusi cha mozaiki, endelea. Visipotokea, huenda una kirusi cha majani kujikunja na kuwa manjano, kile cha inzi weupe, ambacho hakisambai kwa kupakaza.

Kisha pakaza miche ya nyanya: usio na jeni ya kinga, wa Tm-1, wa Tm-2, na wa Tm-2². Huu wa mwisho umezuia aina zote hizo kwa miaka mingi, ila kirusi kingine, ndugu yake, kinachoishinda kinga hiyo kilionekana Israeli mwaka 2014.

Mche wa tano upakaze maji matupu. Wangu uliota mabaka! Kinu nilikuwa nimekisuuza tu baada ya kusaga sampuli ya jana, nami kirusi hiki nakijua: hukaa hai hata kwenye jani lililokauka. Wiki mbili zikapotea. Sasa nina kinu cha kila sampuli, na mikono naiosha kwa sabuni, kisha naichovya kwenye maziwa, ambayo hupunguza kuambukiza. Msaidizi wangu anayevuta sigara hagusi miche kabla ya hayo, kwani tumbaku nayo huweza kubeba kirusi cha namna hii. (Ananiona mkali kupita kiasi.)

Nilipojaribu upya, ni mche usio na jeni pekee uliougua. Aina 0. Nikampigia yule mama simu. Mbegu za Tm-1 alikuwa ameshampa wifi yake, na msimu ule wifi ndiye aliyeuza tomati sokoni Kadutu.